MENO NI AMANA: SUNNA YA MSWAKI NA KUJIKINGA NA MAUMIVU YA MENO

KARATASI YA IJUMAA – WALIKALE

(Karatasi hii isomwe nyumbani. Isisomwe wakati khatibu yuko juu ya mimbari.)



Shukrani zote ni za Allah Subhaanahu wa Taala, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akampa macho ya kuonea, ulimi wa kusemea na midomo miwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata njia yake mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Enyi waja wa Allah! Ninawausia, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, tumche Allah katika siri na katika dhahiri.

Ndugu zangu katika imani, leo nitaongea nanyi juu ya meno. Najua kuna atakayesema: «Papa imam amekosa la kusema? Watu wamekimbia vita, njia ya Goma ni taabu, bei ya chakula imepanda, naye anapanda mimbari kuongea juu ya meno!» Ndugu yangu, subiri kidogo. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu.

FATIHA YANGU

Ninyi mnaoswali nyuma yangu mmesikia wenyewe kwamba kisomo changu kimebadilika. Wazee kwa adabu yao wamenyamaza. Aliyesema ni mtoto mmoja wa chuo, umri wake kama miaka minane. Siku hiyo nilikuwa nawasahihisha watoto, nawaambia wasiseme «zaalika», waseme «dhaalika». Mtoto akaniangalia, akasema: «Mwalimu, hata wewe umesema zaalika.»

Nilinyamaza. Mtoto alikuwa na haki.

Waliosoma tajwidi wanajua kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Thaa, Dhaal na Dhwaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Faa hutoka pale meno hayo ya juu yanapokutana na mdomo wa chini. Na Dhwaad, herufi ambayo Waarabu wanajivunia, hutoka ubavuni mwa ulimi unapoegemea magego ya juu. Sasa soma Fatiha yako polepole, uhesabu mara ngapi unahitaji meno. Ukifika mwisho wa sura, kwenye neno linalotaja waliopotea, utakutana na Dhwaad, na Dhwaad inataka magego.

Mimi nilipewa meno hayo yote na Mola wangu. Leo meno mawili ya mbele ya juu hayapo. La kwanza lilianguka, nikajitahidi kusoma hivyo hivyo. Wiki mbili zilizopita la pili likalifuata.

Sikupigwa, wala sikuanguka. Ni uzembe wangu. Kwa miaka zaidi ya kumi fizi zangu zilitoka damu nilipotafuna. Nikasema, si kitu. Nilikuwa natia maji kinywani mara tatu wakati wa udhu, nikadhani yametosha. Watoto wa chuo niliwafundisha kwamba mswaki ni sunna, wakaandika kwenye mbao zao, na mimi mwenyewe nikaenda kulala na chai ya sukari kinywani.

Mwezi wa tatu mwaka 2025, vita ilipoingia hapa Walikale, mnakumbuka tulivyokimbilia msituni. Wengine walibeba watoto, wengine walibeba masufuria. Mimi nilibeba msahafu, na gego lililokuwa limeoza miaka miwili. Usiku wa pili likaamka. Ndugu zangu, nilikuwa nasikia milio ya silaha kwa mbali, lakini akili yangu yote ilikuwa ndani ya jino moja. Watu waliniomba niwasomee dua, nikashindwa kufungua kinywa. Mtu ambaye kazi yake ni kuwatuliza wengine, akawa yeye ndiye analia kama mtoto. Usiku ule nilijifunza kwamba jino unalolidharau siku ya amani litakudai siku ya taabu, wakati huna hospitali, huna dawa, huna hata maji ya moto.

Kwa hiyo ninayoyasema leo nayasema kwa mdomo wenye mapengo. Msiangalie aliyesema, angalieni lililosemwa.

JINO LINA THAMANI GANI?

Katika sheria yetu, dia kamili ya mtu aliyeuawa ni ngamia mia moja. Na Mtume (S.A.W.) aliweka dia ya jino moja kuwa ngamia watano. Mtu mzima aliyekamilika ana meno thelathini na mawili. Hesabuni wenyewe. Mtu akikuvunja jino moja kwa ngumi, sheria inakupa haki ya ngamia watano. Lakini wewe mwenyewe unaliacha lioze kwa sababu ya bombo na fanta, na huoni kama umepoteza kitu!

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliyajua maumivu haya. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, jino lake lilivunjwa na uso wake ukatoka damu. Yeye alilipoteza jino lake katika kuitetea dini. Sisi tunayapoteza yetu katika usingizi.

Ndugu zangu, mwili ni amana. Allah ametukataza tusijitupe katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mwili wake, ameuchakaza katika mambo gani.

MTUME (S.A.W.) NA MSWAKI

Tazameni namna Mtume alivyoshika jambo hili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume alitueleza kuwa, lau asingechelea kuutaabisha umati wake, angewaamrisha wapige mswaki kwenye kila swala. Maana yake, kilichozuia mswaki kuwa faradhi ni huruma yake kwetu. Je, ni haki sisi kuifanya huruma ile kuwa sababu ya kuuacha kabisa?

Bibi Aisha (R.A.) alieleza kwamba Mtume alipoingia nyumbani kwake, jambo la kwanza lilikuwa mswaki. Hudhayfa (R.A.) alieleza kwamba alipoamka usiku kuswali alikisugua kinywa chake kwa mswaki. Abu Musa (R.A.) alimwona akiupitisha mpaka kwenye ulimi. Siku ya Ijumaa aliuhimiza pamoja na kuoga na kujitia manukato. Na mswaki umehesabiwa katika mambo kumi ya maumbile safi, pamoja na kukata kucha na kusukutua. Akatufundisha pia kwamba mswaki unasafisha kinywa na unamridhisha Mola.

Na saa ya mwisho ya uhai wake ilikuwaje? Amelala, kichwa chake kimeegemea kifua cha Bibi Aisha. Akaingia Abdurrahman mwana wa Abubakar (R.A.) na mswaki mkononi. Mtume akauangalia. Bibi Aisha akafahamu kwamba anautaka, akaulainisha kwa meno yake, akampa, naye akausugua vizuri kabisa. Kisha akaondoka duniani. Ndugu zangu, mtu anayekwenda kukutana na Mola wake, nguvu zimemwisha, bado anakumbuka mswaki. Na sisi wazima, wenye nguvu, tunasema tumechoka?

Kuna jambo la pili. Mtume amemkataza aliyekula vitunguu vibichi au saumu asiukaribie msikiti, kwa sababu harufu ile inawaudhi watu na malaika. Ikiwa harufu ya vitunguu vya halali inakatazwa, tusemeje juu ya harufu ya jino lililooza, linalopumua usoni mwa ndugu yako katika sijda na katika salamu?

HISTORIA YA KUSAFISHA MENO

Neno lenyewe «mswaki» linatoka katika Kiarabu. Lilifika kwetu pamoja na Kiswahili chetu na pamoja na Uislamu, kwa misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ikapita Kasongo na Nyangwe. Misafara ile ilibeba pia pembe na watumwa, na dhuluma ile hatuitetei. Lakini neno likabaki, na jambo jema likabaki nalo. Leo hata ndugu zetu Wakristo wakinunua brosi ya plastiki sokoni wanaiita mswaki.

Mswaki wa Mtume ulikuwa kijiti cha mti unaoitwa arak. Mti huo unapenda nchi kavu: Bara Arabu, Somalia, sehemu kame za Kenya na Tanzania. Katika msitu wetu wa mvua nyingi hatuuoni. Tunaoupata ni ule wanaotuletea mahujaji. Wataalamu wameuchunguza mti huo, na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 lilihimiza utumiwe katika nchi ambamo watu wana desturi nao. Maneno hayo Waislamu walikuwa nayo miaka 1,400.

Watu wa kale walisema jino linaliwa na mdudu. Huko Iraki ya zamani wameandika hivyo juu ya vibao vya udongo. Na hapa kwetu mpaka leo tunasema: «Mdudu amekula jino.» Wako watu wanaochoma mbegu na kufukiza moshi kinywani ili mdudu atoke.

Kisha Allah akawafunulia watu elimu hatua kwa hatua. Huko Andalusia, mji wa Qurtuba, alikuwako tabibu Mwislamu aitwaye Abul Qasim Al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Katika kitabu chake kikubwa cha tiba alichora vyuma vya kukwangulia ule uchafu mgumu unaoganda kwenye mizizi ya meno. Aliyajua tangu zamani zile yale yaliyoniangusha mimi: uchafu ule ukiachwa, fizi zinaharibika na jino linalegea. Na aliwaonya watu wasifanye haraka kung'oa jino, na wajihadhari na wang'oaji wasio na elimu.

Mwaka 1683, mfanyabiashara wa nguo wa Uholanzi aitwaye Leeuwenhoek, aliyekuwa akitengeneza lenzi za kukuzia vitu, alikwangua utando mweupe katika meno yake, akauangalia. Akaona vijidudu vidogo sana vinatembea. Mwaka 1728, daktari wa Ufaransa aitwaye Fauchard aliandika kitabu kizima juu ya meno. Alikanusha habari ya mdudu, na akaonya kwamba sukari inaharibu meno. Mwaka 1890, Mmarekani aitwaye Miller, aliyefanya kazi Berlin, akaeleza kazi yenyewe inavyofanyika: vijidudu vile vinakula mabaki ya sukari na wanga kinywani, vinatoa asidi, na asidi inalitafuna jino.

Na brosi? Wachina walikuwa na brosi ya nywele za nguruwe tangu karne ya 15, na Ulaya wakaiga. Kwa muda mrefu brosi nzuri za Ulaya zilikuwa za nywele za nguruwe. Kwa sababu hiyo wazee wengi wa Kiislamu walikuwa wakizitilia shaka. Brosi ya nailoni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na ndizo hizi zinazojaa katika soko letu. Basi asiwe na wasiwasi Mwislamu kutumia brosi ya nailoni. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamesema sunna inapatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kilicho safi, kinachoondoa uchafu na kisichodhuru. Kijiti cha arak ni bora, na brosi nayo ndani ya nia njema ni mswaki.

JINO LINAVYOOZA

Nawaeleza kwa lugha nyepesi. Kila mtu ana vijidudu kinywani, hata aliye msafi. Unapokunywa chai ya sukari, au kula biskwi, bombo, mandazi, au kumung'unya muwa, vijidudu navyo vinakula. Vikila vinatoa asidi. Asidi inalainisha gamba gumu la jino. Kisha mate, ambayo ni neema ya Allah, yanaisafisha asidi ile na kulirudishia jino nguvu kidogo kidogo.

Basi mate yanahitaji muda. Ukila sukari mara moja pamoja na chakula, mate yanashinda. Lakini ukishinda kutwa na bombo shavuni, au na chupa ya fanta unayonywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka jioni kama wanavyofanya vijana wetu wa machimbo na wa pikipiki, mate hayapati nafasi. Na usiku mate yanapungua. Kwa hiyo anayelala na sukari kinywani amemwachia mwizi mlango wazi, na mlinzi amelala.

Gamba likitoboka, tundu linakwenda ndani. Likifika kwenye mshipa, ndipo unasimama usiku kucha. Likiendelea, usaha unakusanyika chini ya mzizi, na shavu linavimba.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Na katika Afrika yetu, hesabu za miaka ya 2014 mpaka 2019 zilionyesha madaktari wa meno kama watatu tu kwa kila watu laki moja. Wengi wao wako katika miji mikubwa. Sisi wa Walikale tunajua hayo bila kuhesabiwa. Kwa tajiri wa mji mkubwa, kinga ni jambo zuri. Kwetu sisi, ndugu zangu, kinga ndiyo dawa tuliyo nayo mkononi.

TUFANYE NINI?

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa uchache: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Wa usiku usiuache. Baada yake usile wala usinywe kitu isipokuwa maji. Ukiongeza kwenye kila udhu, umepata afya na sunna kwa pamoja.

2. Ukipata uwezo, tumia dawa ya meno yenye floridi. Angalia kwenye boksi, wanaandika «fluor». Floridi inalipa gamba la jino nguvu ya kuishinda asidi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno ya namna hiyo katika orodha ya dawa muhimu. Haihitaji nyingi: mtu mzima kiasi cha punje ya kunde, mtoto wa chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi.

3. Asiye na brosi achukue kijiti kibichi cha mpera au cha mlimau. Kioshe, menya ganda la ncha yake, itafune mpaka iwe na nyuzi laini. Sugua polepole, kila jino, nje na ndani, na pale jino linapokutana na fizi. Kesho ikate ncha ile, utengeneze mpya. Ulimi nao uusugue kidogo.

4. Usisugue meno kwa mchanga wala kwa unga wa matofali. Vinang'arisha leo, kesho gamba limekwisha.

5. Fizi zikitoka damu, usiogope ukaacha mswaki. Hilo ndilo kosa langu. Damu ile ni alama kwamba uchafu umekaa hapo. Zidisha kusafisha kwa upole. Isipokoma, nenda ukaonane na mganga wa hospitali.

6. Kila mtu na mswaki wake. Baba na watoto sita wasitumie brosi moja. Nyuzi zikitawanyika, au ikifika miezi mitatu hivi, ibadilishe.

7. Punguza idadi ya mara unazokula vitu vitamu. Ukitaka chai ya sukari, inywe pamoja na chakula, imalizike. Mgeni mtoto akija nyumbani, mpe ndizi, mpe karanga. Si lazima upendo wetu kwa watoto uwe wa bombo.

8. Acha sigara na tumbaku ya aina zote. Zinaharibu fizi na zinaleta saratani ya kinywa.

9. Katika Ramadhani, piga mswaki baada ya daku kabla ya alfajiri, na baada ya futari. Katika madhehebu yetu, kwa mwenye saumu mswaki unakuwa makuruhu baada ya jua kupinduka. Kabla ya hapo hakuna neno, ila ajihadhari asimeze kitu.

TUACHE NINI?

Mama zangu na dada zangu, nisikilizeni hapa. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, wako watu wanaofungua kinywa chake, wakaona uvimbe mweupe kwenye fizi, wakasema: «Ana meno ya plastiki, yatamuua.» Kisha wanachimbua fizi kwa kisu, kwa wembe au kwa njiti ya baiskeli. Desturi hii iko Uganda, iko Tanzania, na hapa Kongo pia iko. Wallahi, hakuna meno ya plastiki. Uvimbe ule ni jino la utoto linalokua mahali pake. Ukilichimbua, unamwachia mtoto kidonda na damu, anaweza kupata pepopunda na maradhi mengine ya damu, na jino la ukubwani litakalokuja nyuma yake linaweza kuharibika. Na homa yenyewe umeiacha bila dawa, labda ni malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtume ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Msimtilie mtu mwenye jino asidi ya batri, wala petroli. Inaua nyama ya kinywa na inachoma koo. Msing'oe meno kwa koleo la fundi, lililotoka kwenye pikipiki likaingia kinywani mwa mtu, kisha kwa mwingine bila kuchemshwa. Damu ya mmoja inaingia kwa mwingine, na humo mna maradhi makubwa.

Jino likiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na dawa ya maumivu imezwe kwa kipimo. Isiwekwe juu ya fizi, kwa sababu aspirini inaunguza. Karafuu inatuliza kidogo. Lakini hayo ni ya kukufikisha kwa mganga, hayaondoi tundu. Na ukiona shavu limevimba pamoja na homa, au uvimbe unashuka shingoni, au mtu hawezi kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho, hata kama ni usiku. Mbebeni. Usaha wa jino unaweza kuua. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Allah, maana Yeye aliyeteremsha ugonjwa ameteremsha na dawa yake.

WATOTO WETU

Wazazi, usiseme: «Hayo ni meno ya utoto, yataanguka tu.» Jino la utoto ndilo linaloshika nafasi ya jino la ukubwani. Tena mtoto mwenye maumivu halali, hali, na hahifadhi. Msafishe tangu jino la kwanza linapotoka, na umsimamie mpaka afike kama miaka saba. Mkono wake bado haujajua. Umri huo ndio tulioamriwa kuwafundisha swala. Basi tuwafundishe swala na mswaki pamoja.

Kuanzia wiki ijayo, inshaallah, katika chuo chetu kila mtoto atakuja na mswaki wake, wa kijiti au wa duka, na tutasugua pamoja kabla ya kufungua msahafu. Kinywa kinachobeba maneno ya Allah kiwe safi. Kamati itatafuta pia wenye uwezo wa kuwanunulia mayatima na watoto wa wakimbizi brosi na dawa ya meno. Anayetaka sadaka isiyo ya gharama kubwa, hii hapa.

HUTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wa Allah.

Ndugu zangu, nimebakiza neno moja. Wanachuoni wa madhehebu yetu wamesema kwamba asiyeweza kutamka herufi ya Fatiha kwa udhuru, swala yake mwenyewe inasihi, lakini asimswalishe anayeweza. Nimewafikishia wazee wa kamati. Kuanzia leo kijana wetu, aliyesoma chuoni hapa kwangu mwenyewe, ndiye atakayetangulia mbele. Mimi nitawahutubia, kisha nitashuka, niswali nyuma yake pamoja nanyi, mpaka Allah anijalie meno ya bandia na ulimi urudi mahali pake. Msinihurumie. Aliyepoteza nafasi ya mbele kwa sababu ya kijiti cha mpera alichoona uvivu kukikata, hukumu yake ni hiyo. Nihurumieni kwa jambo moja tu: kila mmoja wenu usiku huu, kabla ya kulala, asafishe kinywa chake na cha mtoto wake.

Ewe Allah, tusafishie mioyo yetu na vinywa vyetu. Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, waliolala hospitalini na waliokosa njia ya kufika hospitalini. Ewe Allah, warudishe nyumbani waliokimbia, uwarehemu waliokufa, na uipe amani Walikale, Masisi, Kivu na Kongo yote. Ewe Allah, tupe mwisho mwema, ndimi zetu zikiitamka shahada kwa herufi zake zote. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe mahali pachafu na usifungie mandazi. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.)